Chupa ya Pili

Kituoni, kilimani
4 Februari

Kwako mwanangu Nukta,

Salamu zikufikie hapo ulipokaa, kama umekaa. Mimi huku buheri wa afya, sina hata mafua. Wasiwasi wangu ni wewe unayeshinda chini ya kiyoyozi. Unakula? Mara ya mwisho ulipokuja suruali yako ilikuwa imeshikiliwa na mkanda tu, na mkanda wenyewe ulikuwa umekata tamaa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu huku inashika mtandao inapojisikia, na mimi sitapanda juu ya tangi la maji kila nikitaka kumsemesha mtoto wangu. Barua nimeichomeka kwenye sanduku la chupa, kati ya sponji. Dereva akilifikisha maabara watakuita ushuke ngazi uichukue. Hewa ya kilima na maneno ya mama yako vinasafiri pamoja, wala hakuna nauli.

Sasa sikiliza, na usicheke. Chupa ya pili ya Jumanne iliyopita nimeiharibu. Unajua ninavyojaza, umenitazama tangu ukiwa na meno ya utoto. Nauelekea upepo, chupa nimeinyoosha mbele, ili upepo uikute chupa kabla haujanikuta mimi. Navuta pumzi, naizuia, nafungua koki, chupa inakunywa hewa mpaka ishibe, nafunga, narudi nyuma, ndipo napumua. Kisha ya pili vivyo hivyo, maana chupa zinakwenda mbili mbili kama pacha, na pacha wasipofanana nyie huko mnawatupa wote.

Basi nimezuia pumzi, koki iko wazi, mara Fundi Cherehani, huyu jirani yangu, anapita na baiskeli yake. "Shikamoo Mama Upepo!" Mwanangu, mdomo ulifunguka wenyewe. "Marahaba, hujambo? Watoto hawajambo?" Yote yakaingia chupani, hadi habari za watoto. Ningefanyaje? Mtu anakupa shikamoo yake mkononi, utaiacha ianguke chini? Nimeandika "imeharibika" kwenye kibandiko, serikali ivumilie.

Kuna jambo jingine. Redioni walisema gesijoto za nchi zimepanda tena, halafu wakaweka muziki. Zimepanda kutoka wapi kwenda wapi? Si ndiyo kazi yako hiyo? Nieleze vizuri, lakini usinieleze kama mnavyoelezana.

Mama yako


Ofisini
12 Februari

Mama yangu,

Shikamoo, na hii usiijibu ukiwa karibu na chupa.

Mimi mzima. Nakula, na mkanda nimenunua mpya. Barua yako ilisomwa na ghorofa nzima kabla haijanifikia, kwa sababu watu wa maabara waliona neno "imeharibika" wakataka kujua sababu. Hata mkuu wetu wa kitengo, yule tunayemwita Bi Desimali kwa kuwa hakubali namba isiyo na mkia, alicheka mpaka akashika meza. Nilikuwa sijui kwamba ana meno ya nyuma.

Halafu, kwa udadisi tu, wakaipima. Hewa ya kilimani kwako ina sehemu mia nne na ishirini na kitu za hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, katika kila milioni. Chupa ya salamu ilikuwa karibu mia tano. Marahaba moja hiyo, mama! Nilisimama mbele ya mashine nikaduwaa. Neno ulilolitamka asubuhi kilimani lilikuwa pale kwenye kioo, limepimwa.

Umeuliza zimepanda kutoka wapi. Kazi yetu ni kujumlisha. Tunachukua kila lita ya mafuta iliyoingia nchini, kila mfuko wa saruji, kila gunia la mkaa, kila msitu uliokatwa, majalala, mashamba ya mpunga, na ng'ombe, maana ng'ombe wakipiga mbweu kuna gesi inatoka, nayo inahesabiwa. Usicheke na wewe. Jumla ya mwaka mzima, ya watu wote, inakuwa nukta moja kwenye karatasi. Mwezi uliopita tulizipanga za miaka thelathini ukutani, nikasogea nyuma mpaka mlangoni ili nizione zote kwa pamoja.

Miaka ya mwanzo mstari umelala, na karibu wote ni misitu na ng'ombe. Magari huyaoni kabisa. Ukifika mwaka wa ule ukame mkubwa mstari unaruka, kwa sababu mabwawa ya umeme yalikauka tukawasha majenereta ya dizeli nchi nzima. Mwaka wa uhaba wa mafuta unashuka. Baada ya hapo unapanda, unapanda, haujageuka tena. Malori, viwanda vya saruji, pikipiki, nyumba mpya. Mbele ya nchi kubwa sisi ni kikohozi tu, lakini ni kikohozi kinachokua.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, tunaziweka chupa zako kando ya hesabu zetu. Sisi tunahesabu kinachotoka, chupa zako zinasema kilichofika. Vikipatana, tutajua kwamba miaka yote hii hatujajidanganya. Ripoti inatoka Septemba. Kwa hiyo, mama, huko juu umeshika mizani ya nchi.

Mwanao, Nukta
(jina ulilonipa nikiwa na kilo mbili, na ofisini bado wanadhani ni cheo)


Kituoni
4 Machi

Mwanangu Nukta,

Nimepata barua, nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili na kuku wasikie. Mimi sijambo kabisa. Kikohozi kidogo cha vumbi kilinipitia, kimeshaondoka, wala usikitie kwenye hesabu zenu.

Mstari wako haujaniacha nilale vizuri. Kwa hiyo ule mwaka wa uhaba wa mafuta, tulipotembea mpaka visigino vikapasuka na taa tukazima mapema, kuna mstari mahali fulani ulikuwa unashuka kwa raha zake? Na mwaka wa ukame, tulipopanga foleni ya maji usiku, wenyewe ulikuwa unaruka? Nimekaa nikawaza: kuni nilizopikia uji wako zimo. Basi lililokupeleka shule ya bweni limo. Saruji ya kaburi la baba yako imo. Nchi nzima imekaa kwenye karatasi, imefunga mdomo, na mtu akitazama anaona tu inapanda. Sijui kama ni jambo la kunitisha au la kunifurahisha.

Ng'ombe wawili wa jirani nimekwenda kuwatazama. Mmoja alipiga mbweu mbele yangu bila haya. Nimemwambia, baba, hiyo imefika ofisini.

Nina swali. Je, na sisi watu tunavyopumua mnatuhesabu? Maana kama mnahesabu, kuna wanawake huku wanaosema tangu asubuhi mpaka jioni, watawaharibia ripoti.

Kuhusu mizani ya nchi, usiwe na shaka. Nikiwa msichana kaka zangu walikuwa wananishindanisha kuzama mtoni. Nilikaa chini ya maji mpaka wao ndio walioanza kulia. Pumzi zangu serikali haijawahi kuzilalamikia. Tangu waliponikabidhi chupa hizi, miaka kumi na tisa sasa, sijaruka hata wiki moja. Siku tuliyomzika baba yako niliwaacha waombolezaji uani, nikapanda kwenye mlingoti wa kituo, nikajaza zote mbili, nikarudi kulia. Nitajaza mpaka Septemba na baada ya Septemba.

Mama yako


Ofisini
20 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kilikwenda kweli na hakikujificha nyuma ya mlango. Mimi ni mzima, kazi imetubana, samahani kwa ukimya.

Swali lako nililipeleka kwa Bi Desimali, akasema ni swali zuri kuliko mengi anayoulizwa wizarani. Hatuhesabu pumzi. Hewa ukaa unayoitoa ilitoka kwenye chakula, na chakula kilikuwa mmea, na mmea uliichukua hewani kabla yako. Unarudisha ulichoazima. Tunahesabu kile kilichokuwa kimelala ardhini, au kimesimama msituni, tukakiamsha.

Sasa nina jambo linalonikera. Chupa zako hazipatani. Tangu mwanzoni mwa Machi chupa ya pili inatoka na hewa ukaa nyingi kuliko ya kwanza. Mwanzo ilikuwa kidogo, tukasema ni koki imelegea, ndiyo maana tulikutumia ile mipira mipya ya kubana koki. Lakini imezidi. Hewa ya kilima haiwezi kubadilika hivyo katika dakika chache kati ya chupa na chupa.

Kawaida pacha wasiofanana tunawatupa. Shida ni kwamba tukiwatupa hawa wote, tangu Machi hatubaki na kitu, na ripoti inasubiri. Wenzangu wengine wanasema tuzitumie hivyo hivyo, huenda nchi kweli inatoa gesi nyingi kuliko tunavyohesabu na hizi chupa ndizo zinazotusuta. Ikiwa hivyo, mstari wetu wa miaka thelathini una tundu. Bi Desimali yeye anadhani kuna mtu ameanzisha tanuri la mkaa karibu na kituo. Je, lipo? Umesikia moshi wowote?

Na wewe u hali gani, mama? Niambie ukweli, siyo ule wa kwenye salamu.

Mwanao, Nukta


Kituoni
6 Mei

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, tena nimenenepa. Viatu vya kazi vinanibana mpaka nimevikata pembeni kwa kisu, navaa kandambili kama mwenye nyumba. Usingizi pia ni mtamu, ila nimejifunza kulala kibosi, nimeegemea mito mitatu. Ukizeeka unajipendelea.

Tanuri halipo. Moshi sijausikia, na pua yangu unaijua, ilikuwa inakukamata na sigara ukiwa bado nje ya geti. Mipira nimebadilisha yote. Nadhani ni hizi salamu. Siku hizi watu wanasalimia kupita kiasi, kila mtu anapita, shikamoo huku, hodi kule. Nitawaambia wapunguze adabu.

Nyie wenye mashine na nyie mjichunguze. Miaka kumi na tisa chupa zangu zinafanana kama macho mawili, leo mashine yenu inasema hazifanani, na anayeulizwa ni mimi! Chupa za safari hii nimezijaza kwa uangalifu mkubwa. Msizitupe. Nakuomba kama mama yako, Nukta, msizitupe.

Mama yako


Ofisini
2 Juni

Mama,

Shikamoo. Leo sikuulizi habari zako, kwa sababu najua utakachojibu.

Nimefanya hivi. Moshi wa tanuri hauji peke yake, huja na ndugu zake, hasa ile gesi ya jiko la mkaa inayoua watu waliofunga madirisha. Niliwaomba maabara wazipime na hizo kwenye chupa zako. Hazikupanda hata kidogo. Hewa ukaa imepanda peke yake, haina kaka wala dada, na iko kwenye chupa ya pili tu. Koki ni mpya. Basi nikakaa nikajiuliza: ni kitu gani kinatoa hewa ukaa bila moshi, kando ya mdomo wa chupa, na kinachoka zaidi mara ya pili kuliko mara ya kwanza?

Nikampigia simu Fundi Cherehani. Nilidhani ataniambia kweli watu wanasalimia sana. Mama, yule mtu aliniambia tangu siku ile ya marahaba anazungukia njia ya chini na baiskeli yake, asije akakuharibia kazi, na amewaambia wote wafanye vivyo hivyo. Hakuna anayepita. Akaniambia pia kwamba kutoka nyumbani mpaka kwenye mlingoti unasimama mara tatu, na mara ya tatu unakaa chini. Alidhani najua.

Nilizipanga zile chupa za pili kwenye karatasi, wiki kwa wiki, kama tunavyoipanga nchi, nukta baada ya nukta, na mstari ukapanda. Miezi mitatu nimeutazama nikitafuta tanuri. Kumbe ni mama yangu. Ni wewe unayeishiwa pumzi na kuziachia kidogo kidogo, na kila barua iliyokuja na chupa hizo ilisema mzima, mzima, mzima. Sanduku moja lilikuwa linanidanganya na kuniambia ukweli kwa pamoja. Niliogopa, mama, na nilistaajabu, vyote viwili. Ukubwa wa nchi hii, malori yake yote na misitu yake yote, halafu kifua kimoja kilimani kikaonekana.

Nilimweleza Bi Desimali. Alivua miwani akaiweka mezani. Akasema, "Tumetafuta hewa chafu nchi nzima, kumbe ni mtu anayetafuta hewa."

Barua yako ya viatu na mito mitatu niliipeleka kwa daktari. Hakucheka popote. Anasema kunenepa kwa miguu huko siyo kunenepa, na anayelala amekaa analala hivyo kwa sababu maji yanamjaa kifuani. Anasema kuzuia pumzi ni jambo la mwisho unalotakiwa kufanya. Nakusihi acha chupa. Teremka hospitali ya wilaya wiki hii hii. Nijibu kwa simu, panda hata juu ya tangi. Au hapana, usipande.

Mwanao anayekupenda


Ofisini
17 Juni

Mama,

Shikamoo. Sanduku limefika leo. Nimetoa sponji zote, halina barua.

Zimo chupa nne. Safari hii hata za kwanza ziko juu. Dereva anasema ulimkabidhi sanduku ukiwa umekaa mlangoni, na kwamba ulimwashiria kwa mkono badala ya kusema.

Bi Desimali ametoa gari la ofisi bila hata kujaza fomu, yeye anayemwandikia mtu onyo kwa kalamu iliyopotea. Barua hii naileta mwenyewe, nitaipitisha chini ya mlango kama utakuwa umelala. Nafika kesho. Usijaze kitu.

Nukta


Hospitali ya wilaya, wodi ya wanawake
24 Julai

Mwanangu mpenzi Nukta,

Salamu nyingi sana za kutoka kitanda cha dirishani. Mara hii nikisema sijambo unaweza kuniamini, na usipoamini, muulize muuguzi, ameandika kwenye karatasi iliyoning'inia miguuni pangu. Tangu unifikishe hapa ukarudi kazini nimepata nafuu kila siku. Miguu imerudi kuwa yangu. Viatu nilivyovikata sasa vinapwaya, hasara tupu.

Ulipoondoka walinitoa tena maji kwa sindano ya mgongoni. Niliomba kuyaona. Yalijaa chombo, mwanangu, nikasema mimi nilikuwa napanda kilima na kisima kifuani! Daktari anasema moyo umechoka na umepanuka, hautarudi kuwa wa msichana wa mtoni, lakini kwa vidonge utaendelea kunibeba. Anasema ningeendelea na zile chupa miezi hii ya baridi, mngenikuta pale kwenye mlingoti. Hakulipamba neno hilo, nami namheshimu kwa hilo.

Asubuhi moja baada ya maji kutoka, nilivuta pumzi, nikitegemea itagota pale pale ilipozoea kugota. Haikugota. Ilishuka, ikashuka, ikafika mahali nilipokuwa nimepasahau kabisa. Nililia kwa sauti, wagonjwa wenzangu wakadhani nimepata habari ya msiba. Hewa hii hii niliyoifungia kwenye chupa miaka kumi na tisa, nikaiwekea vibandiko, nilikuwa sijui ni kubwa hivi.

Sasa hapa wananipulizisha kwenye bomba la mashine, namba zinatokea, muuguzi anaandika. Nimemwambia mimi ndiye chupa sasa, anipime mara mbili aone kama nafanana. Hakuelewa, akaniongezea kidonge.

Lakini sina raha. Nitakwambia wazi, maana aliyelala chali hana pa kuficha uso. Wiki tano hazina chupa. Tano! Sikuwaacha waombolezaji wa baba yako uani ili nije nivunje mstari kwa sababu ya miguu. Ndiyo maana nilikuwa nakujibu vile. Niliogopa mtasema mama amechoka, mtafunga kituo, na kilima kitanyamaza wakati ule ule nchi inapanda na inahitaji mtu wa kuiambia. Ripoti yako inatoka Septemba na katikati yake kutakuwa na pengo kama la jino, na pengo hilo ni mimi.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu. Unganisha. Chukua rula, toka nukta ya mwisho mpaka nukta itakayofuata, piga mstari. Nani atajua? Hewa haijui kusoma. Fanya hivyo kwa ajili yangu, nikitoka hapa niitazame ripoti ikiwa nzima.

Mama yako


Ofisini
28 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Jibu zote tatu, una pumzi sasa. Daktari amenisomea kwa simu karatasi yako ya miguuni, anasema wiki hii anakuruhusu urudi nyumbani, na nimefurahi mpaka nimemnunulia Bi Desimali soda, naye akaipokea.

Ripoti imetoka jana. Ukumbi ulijaa, watu wa wizara walikaa mbele, waandishi nyuma. Mstari wa nchi ulirushwa ukutani, mkubwa kuliko mlango wa kanisa. Nimeufanyia kazi miaka minne lakini jana nilikuwa kama mgeni. Watu waliacha kukohoa. Ungeona kichwa kimoja kimoja kikifuata ile miaka kwa macho, na kila mtu akisimama kwenye mwaka wake: huyu alikuwa anajenga, huyu alikuwa anatafuta mafuta. Mwisho wa mstari wote walikuwa wametazama juu.

Habari yenyewe si ya kushangilia. Hesabu zetu na kilima chako vimepatana. Hatukujidanganya, hakuna tundu. Maana yake ni kwamba ile milima ya gesi tuliyoihesabu ni ya kweli, imefika huko juu kweli, na inaongezeka. Mwakani nukta itakuwa juu zaidi, isipokuwa tufanye kitu kikubwa. Hakuna aliyepiga makofi, na mimi niliona heri.

Kuhusu ombi lako. Rula niliichukua, mama, sitakuficha. Niliilaza kwenye karatasi, nikanoa penseli. Sikuweza. Tena pengo si la wiki tano ulizozihesabu. Zile chupa zote ambazo pacha hawakufanana tulizitoa, kwa hiyo linaanza Machi. Chini ya mstari wa nchi kuna nukta zako za miaka kumi na tisa, zimefuatana kama siafu, halafu nafasi nyeupe, upana wa kidole changu, halafu karatasi inaisha.

Nilijua wataiona. Ofisa mmoja wa wizara alisimama, akaonyesha kwa kalamu. "Na hapa pana nini? Mmepoteza takwimu?"

Nilinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Bi Desimali akanisogeza pembeni kwa kiwiko, akakishika yeye, yeye ambaye katika maisha yake yote hajawahi kukubali kisanduku kitupu.

"Hatujapoteza kitu," akasema. "Hapo mpimaji wetu alikuwa anapumua."

Yule ofisa akakaa. Kwa dakika nzima watu waliitazama ile nafasi nyeupe kuliko walivyoitazama mistari.

Kituo hakifungwi. Fundi Cherehani ataanza kujaza Jumanne ijayo, wewe utakaa kwenye kiti umwelekeze, na hutashika chupa. Nakala ya ripoti iko ndani ya bahasha hii. Itandaze kitandani. Sehemu yako haina kitu, mama, na ndiyo niliyoizungushia wino.

Mwanao